Mikono Iliyobaki Kilindini

Krrr, krrr. Upande wa pili wa ukuta kijiko kilikwaruza sufuria. Gizani, Somoe akatabasamu. Binti yake wa miaka mitano, Tausi, alikuwa ameupata ukoko wa wali.

Nje jua la mchana la Mtwara lilikuwa likiwaka, lakini chumba hiki kilikuwa cheusi tii. Somoe aliketi sakafuni, mikono yake imetumbukia hadi viwikoni ndani ya viganjambali. Ndivyo walivyoziita glavu hizo nene, zilizochota hisia zote za mguso kwenye vidole vya mtu na kuzipeleka kwa roboti aliyezama mbali baharini. Mwili wa Somoe ulikuwa nyumbani. Mikono yake ilikuwa mita elfu nne chini ya maji, ambako tope ni baridi na laini kama unga uliolowa.

"Dada Somoe, umelala?" Sauti ya Nandonde, fundi wa mitambo aliyekuwa melini, ikamjia sikioni.

"Nilale na baridi hii? Nimempata. Andika."

Alikuwa kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, wa aina ambayo sayansi haikuwa na jina lake bado. Akimulikwa taa, hujikunja na kujikata mikono mwenyewe. Kwa hiyo hakutazamwa, alipapaswa.

"Mikono kumi na mmoja," Somoe akasema polepole. "Kila mmoja shibiri yangu nzima. Mgongoni miiba mifupi, migumu kama brashi ya viatu. Karibu na katikati pana kibonge chenye matundu. Hilo ndilo chujio, ndipo anapoingizia maji mwilini. Maji hayo huyasukuma kwenye mirija iliyo chini ya mikono, na hiyo mirija ndiyo miguu yake. Kwenye ncha ya mkono... kinundu laini. Hili ni jicho."

"Jicho la kuonea nini huko kwenye giza?"

"Muulize mwenyewe."

Nandonde akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Bado upande wake wa chini. Dada, daktari alikuambia nini?"

Kila alipovua viganjambali, ganzi ilichelewa kumtoka. Mara ya kwanza iliisha kabla chai yake haijapoa. Mara ya mwisho ilikaa siku nzima. Akamsuka Tausi kwa macho tu, vidole havijui vinavuta nini, mpaka mtoto akalia. Daktari alisema akirudia tena, huenda isitoke kabisa.

"Alisema huenda," akajibu.

"Huenda ya daktari si ya kuchezea."

"Na mashine za kuchimba madini je, nazo ni za kuchezea? Baraza la Vilindi halimtambui mnyama bila maelezo ya jinsi mdomo wake ulivyo. Asipotambuliwa, Jumatatu wachimbaji wanamsaga pamoja na tope lake."

Somoe akapenyeza vidole chini ya mnyama. Mamia ya mirija yakamshika na kumwachia, yakamshika na kumwachia. Akafuata mfereji wa mkono mmoja hadi katikati, akaugusa mdomo. Ulikuwa umejaa vitu vidogo, kama punje za mtama. Punje moja ikatambaa juu ya kidole chake. Ilikuwa na mikono.

"Dada? Mbona kimya?"

"Ana watoto, Nandonde. Amewapakata mdomoni. Hawezi kula mpaka waondoke."

"Sasa anaishi kwa nini?"

"Kwa alichokula zamani."

Kalamu ya Nandonde ilisikika ikimalizia. "Basi imetosha. Hapo hawana la kupinga. Toa mikono, dada."

"Ngoja kidogo."

Alijua imetosha. Lakini yule mdogo alikuwa amemng'ang'ania kidoleni kwa miguu isiyozidi uzito wa pumzi, na Somoe alikumbuka usiku aliojifungua, kiganja cha Tausi kikifunga juu ya kidole hikihiki. Tangu lini hajamgusa mwanawe akamsikia hivi? Akabaki pale. Nandonde akamwita, akamwita tena, na mara ya tatu karibu alie.

Hatimaye akavua viganjambali kwa meno, akausukuma mlango kwa bega. Mwanga wa sebuleni ukampiga usoni, asione kitu ila weupe. Nyayo ndogo zikaja zikikimbia.

"Tausi, macho yangu hayajazoea mwanga. Njoo unishike mkono, mwanangu."

Akaunyoosha mkono. Akatanua vidole, au alidhani amevitanua. Nyayo zilikuwa zimetulia. Akasubiri.

"Njoo basi, mama. Unaogopa nini?"

Chini yake, karibu kabisa, Tausi akasema:

"Mama, nimekushika."