Gari la Koko Sikuli Laanza Kazi

Kila Jumamosi asubuhi Olive alijaza ndoo maji akaosha gari la babu yake. Babu huyo aliitwa Sikuli, lakini wajukuu wote walimwita Koko, kama walivyowaita babu na bibi wote. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akielekeza kwa fimbo.

"Pale chini ya taa, mutoto. Bado kuna vumbi."

Macho yake yalikuwa yamefifia na alikuwa ameacha kuendesha, lakini vumbi la gari lake aliliona kuliko mtu yeyote pale mtaani Mapendo.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la buluu iliyopauka. Olive alipenda kusafisha kiti cha nyuma mwisho. Hapo ndipo yeye na binamu zake walipobanana kila Jumapili kwenda misa, na baada ya misa wakashuka hadi soko la Kituku kando ya ziwa kununua samaki. Bibi yake, Koko Julienne, aliwapakata wadogo na kuwaimbisha njia nzima. Mwaka ule mlima ulipotema moto, kiti hichohicho kiliwabeba wote mpaka mji wa Sake, Olive akiwa amelala mapajani mwa bibi. Sasa bibi alikuwa amefariki, na binamu walikuwa wamerudi kwao Butembo, mbali sana. Kitambaa cha kiti bado kilinukia samaki kidogo, na Olive akikigusa aliona kama wote wamo.

Mama yake, Émérance, alikuwa fundi wa umeme. Alikwenda kazini kwa pikipiki ya kukodi, mfuko wa vifaa mgongoni, ngazi ameishika ubavuni. Siku moja ngazi ilinasa kwenye geti la watu, pikipiki ikaanguka, naye akarudi nyumbani akichechemea.

Koko alilitazama goti lake lililovimba. "Émérance, binti yangu, chukua gari."

"Papa, hilo ni gari lako."

"Mimi ninaliangalia tu. Wewe utalitumia."

Olive alifurahi, mpaka aliposikia kwamba ili vifaa vyote viingie, kiti cha nyuma kitatolewa.

"Mama, na sisi tutakaa wapi siku ya misa?"

"Tutaenda kwa miguu. Kanisa haiko mbali."

"Na Koko Julienne?" aliuliza Olive. Hata yeye hakujua alitaka kuuliza nini.

Koko aliinuka polepole, akaomba spana, akailegeza mwenyewe bolti ya kwanza. Kiti kilipotoka, walikuta chini yake maganda ya karanga ya miaka mingi.

"Kumbe!" Koko alicheka mpaka akafuta machozi. "Na walikuwa wananiambia hawakuli kitu ndani ya gari!"

Olive naye akacheka, ingawa alitaka kulia. Kiti kilichukuliwa na Papa Namegabe, jirani yao anayechomelea vyuma, ili wateja wake wapate pa kukaa.

Kisha kazi ikaanza. Papa Namegabe alichomelea fremu ya kubebea ngazi juu ya paa, na pete za chuma sakafuni. Koko na Olive walitengeneza kasha la mbao lenye vyumba vya soketi, misumari na taa. Olive alilipiga msasa mpaka vidole vikamuuma, akalipaka rangi ya kijani. Émérance alikata mipira ya matairi makuukuu iwe kamba za kufungia.

"Kufunga ni kazi yako," alimwambia Olive. "Pitisha kila mpira kwenye pete, halafu vuta mpaka kasha likatae kusogea."

Siku ya kwanza ya kazi iliangukia wakati wa likizo, na Olive akaruhusiwa kumsindikiza mama hadi mtaa wa Himbi. Alipokuwa akifunga, rafiki zake walimwita waruke kamba. Alitandaza mpira juu ya kasha, akachomeka ncha yake pembeni bila kuipitisha kwenye pete. "Himbi ni hapo tu," alijiambia, akakimbia kucheza mpaka mama alipomwita.

Waliteremka barabarani, Olive akiwa amekaa mbele kwa majivuno. Ghafla chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa makaa, ilivunjika gurudumu la mbao ikalala mbele yao. Émérance alikanyaga breki. Kasha liliteleza likagonga kiti cha Olive kwa kishindo, na nyundo ikaruka, ikapita karibu na sikio lake, ikapasua kioo cha mbele.

"Olive! Umeumia?"

"Hapana, Mama." Aliiangalia ile nyundo. "Sikufunga kwenye pete. Niliona Himbi ni karibu."

Émérance alimkumbatia. "Na mimi niliondoka bila kuangalia," alisema. "Shuka, tufunge pamoja."

Walifunga upya pale kando ya barabara, kisha wakamsaidia mwenye chukudu kukusanya makaa yake. Walifika kwenye kituo cha afya ambako nyaya za chumba cha wazazi zilikuwa zimeungua. Émérance alifanya kazi mpaka alasiri, Olive akimpa vifaa. Taa ilipowaka, muuguzi alipiga makofi.

Jioni Koko alipapasa ufa wa kioo kwa kidole.

"Koko, nimeharibu gari lako," alisema Olive.

"Kioo kitabadilishwa. Wewe je, tungekubadilisha na nani? Kuja ukae hapa." Alimsogezea kigoda. "Wewe unakumbuka nyimbo za Koko Julienne. Ni vizuri. Unajua mimi ninakumbuka nini? Kabla ya kila safari nilikuwa ninazunguka gari, ninavuta kila mulango. Ninyi mulikuwa munapiga kelele, 'Koko, tuende!' Lakini nilivuta yote, hata kama tunaenda Kituku tu. Mulifurahi kule nyuma kwa sababu kulikuwa mutu aliyefanya kazi ambayo hamukuiona."

Olive aliinamisha kichwa.

"Mama yako akienda hapo Himbi, funga kama anaenda Butembo. Usimalize kazi kwa macho, imalize kwa mikono. Zamani mutu wa kuvuta milango alikuwa mimi, mutoto yangu. Sasa ni wewe."