Valvu Iliyokazwa Mara Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Maswali aliifuta pikipiki ya mama yake. Hilo halikuwa jina lake la darasani. Baba ndiye aliyempachika, kwa sababu tangu binti huyo ajue kusema hakuwahi kuishiwa la kuuliza. Mama alikuwa mkunga wa zahanati, na pikipiki ile ndiyo iliyomfikisha kwa wajawazito waliokaa mbali na barabara. Kwa hiyo Maswali aliifuta kwa makini kuanzia taa mpaka rimu, huku mama akinywa chai ya haraka akiwa amesimama mlangoni.

Asubuhi moja kitambaa chake kililowa kwenye breki ya gurudumu la mbele. Hapo palikuwa na valvu ndogo ya kutolea hewa, imevikwa kofia ya mpira. Aliivua ile kofia, na tone likamdondokea kidoleni. Halikuwa maji, maana liliteleza na halikukauka. Yalikuwa mafuta ya breki.

Maswali aliduwaa. Jana yake tu baba alikuwa amebadilisha mafuta hayo pale pale uani. Baba alikuwa fundi pikipiki, na hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu alipougua. Ugonjwa ulimwachia ganzi mkono wa kulia, akashinda nyumbani akifinya mpira ili vidole vipate nguvu. Alipomaliza kuikaza valvu ile alicheka peke yake kwa furaha. Sasa mbona inavuja? Je, mkono haujapona? Na akiambiwa, si atavunjika moyo?

Baba alikuwa bado amelala. Maswali aliona ni heri amalize jambo kimyakimya. Akachukua spana ndefu kuliko zote sandukuni, akaibana valvu, akavuta kwa nguvu zake zote. Mara akahisi kitu kimelegea ghafla mikononi mwake. Hakuelewa kama valvu imekaza au imefanya nini. Akafuta mafuta, akarudisha kofia, akatazama. Pakavu kabisa. Mama akatoka, akaijaribu breki hapo uani, ikashika, akaondoka.

Aliporudi kutoka shule alimkuta mama ameketi kwenye kigoda, sare yake imejaa tope, akisafisha goti lililochubuka. Baba alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, akiikagua breki ya mbele. Mama alieleza kwamba kwenye mteremko alibana breki ya mbele, mkono wa breki ukaingia wote bila kushika chochote. Breki ya nyuma ilimpunguzia mwendo, akaangukia mtaroni. Alilazimika kumalizia safari kwa miguu, na alipofika kwa mjamzito aliyekuwa akimwendea, mtoto alikuwa ameshazaliwa mikononi mwa jirani. Mzazi na mtoto wake walikuwa wazima, ila jirani yule alikuwa bado anatetemeka.

Baba aliifungua valvu, akaigeuzageuza mwangani. Pembe zake zilikuwa zimeliwa, na ubavuni palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambamo mafuta yalipenya kidogo kidogo kila breki ilipobanwa.

"Nimeikaza mpaka nimeipasua," alisema polepole. "Na sikuhisi. Mkono huu haunipi habari tena."

Akaanza kuzirudisha spana sandukuni moja moja. Alisema kesho atamwomba mwenzake wa karakana achukue kazi zote za breki, yeye abaki kuuza vipuri. Mama alimwambia asikate shauri kwa haraka, lakini hata sauti yake haikuwa na uhakika.

Maswali alisimama kama aliyepotea njia ndani ya nyumba yao. Kichwa chake kilizunguka. Kama yeye ndiye aliyeipasua, mbona ilikuwa imelowa kabla hajaigusa? Labda ni baba kweli. Basi ana haja gani ya kujitia matatani? Lakini ule ulegevu wa ghafla aliouhisi asubuhi, ulikuwa nini? Alijaribu kuyapanga mambo hayo yakae sawa, yakakataa. Alijua jambo moja tu: baba alikuwa anaiacha kazi yake huku hajui yote yaliyotokea.

"Baba," alisema, "sijui kama kosa ni langu. Ila niliikaza na mimi."

Baba aligeuka. Hakumkaripia. Alimuuliza alitumia spana ipi, na kabla ya kuigusa aliona nini. Maswali alieleza yote: lile tone, ile spana ndefu, ule ulegevu. Mama aliacha kusafisha goti.

Baba alikaa chini kabisa, akashusha pumzi ndefu. Kisha akamweleza kwamba ukishatoa hewa kwenye breki, mafuta kidogo hubaki ndani ya tundu la valvu na chini ya kofia yake. Hayo hutoka taratibu, unayafuta, yanakwisha.

"Ulichokiona hakikuwa uvujaji," alisema. "Yalikuwa mabaki tu. Ulitengeneza kitu kizima, na ile spana ndefu ndiyo iliyokipasua."

Maswali alianza kulia. Baba alimwacha alie, kisha akamwambia ageuke amtazame mama yake. Maswali akamwomba mama radhi, na mama akampokea kifuani bila kujali tope.

Jioni ile baba alileta valvu mpya kutoka karakana. Alisafisha mahali inapokaa, akaifunga kwa spana fupi, akajaza mafuta. Maswali aliambiwa abane breki na kuishikilia, baba afungue valvu, hewa itoke kwa mapovu, aifunge, ndipo Maswali aachie. Walirudia hivyo mpaka mapovu yakaisha na mkono wa breki ukawa mgumu. Baba alifuta mabaki yote, akamwambia Maswali abane tena kwa nguvu na waangalie pamoja. Hapakutoka hata tone.

"Nilitaka usihuzunike," Maswali alisema.

"Najua," baba alijibu. "Lakini fundi hutengeneza kwa kufuata anachoambiwa na anachokiona. Ukinificha, nitatengeneza kisichoharibika na kukiacha kilichoharibika. Leo nilikuwa tayari kuutupa mkono mzima. Ukiona jambo hulielewi, hasa linalobeba maisha ya mtu, uliza kwanza. Na ukishakosea, sema hata kama hujui kosa ni la nani. Hilo la mwisho umelifanya, na ndilo lililonirudisha kazini."

Mama alivaa kofia yake ngumu, akazunguka na pikipiki barabarani, akabana breki mbele ya mlango. Gurudumu likasimama papo hapo. Akamwita Maswali apande nyuma, wakaenda pamoja kumjulia hali yule mtoto mchanga.