Siku Isiyo na Mgeni

Kila alipotoka shule, kabla hata ya kuvua begi, Eunsol alipiga magoti kizingitini na kuigusa sakafu mpya kwa kiganja. Bado ilikuwa mbichi. Aliguna, akaenda uani ambako Mama alikuwa amehamishia jiko la gesi chini ya turubai, akaosha mchele wa jioni. Tangu ujenzi uanze, familia nzima ilijibana katika chumba cha nyuma, watu wakigombea nafasi na masufuria.

Nyumba yao, kama nyumba nyingi za zamani wilayani Gurye, ilikuwa na jiko lililo chini kuliko sebule. Kupeleka chakula sebuleni kulitaka upande kidato kirefu cha jiwe. Bibi alikipanda kidato hicho tangu alipoletwa pale bi harusi, mpaka asubuhi moja mguu ulipoteleza, akaanguka na kuvunjika nyonga. Siku ile Baba alilia mbele ya watu. Kisha akaapa kwamba jiko na sebule vitakuwa kitu kimoja, sakafu moja, na mama yake hatapanda tena kidato ndani ya nyumba yake.

Kazi alipewa fundi Pyo, rafiki ya Baba tangu utotoni, aliyekuwa pia akijenga jiko la ukumbi wa wazee wa kijiji. Alikuwa mtu wa kelele na masihara ambaye Eunsol alimwita Baba Mdogo. Alibomoa ukuta, akajaza kifusi jikoni, akalaza mabomba ya maji moto yatokayo kwenye boila ili kupasha sakafu, halafu akamwaga saruji juu yake kutoka jikoni hadi sebuleni.

"Sikilizeni, wenye nyumba," alisema akinawa mikono. "Mtu asiguse boila mpaka nitakaposema mimi. Saruji ni kama soya inayochachishwa mtungini. Ukiiharakisha, inaharibika."

"Na Bibi je?" Eunsol aliuliza.

"Bibi yako alisubiri mimi na baba yako tuache kukojoa kitandani. Atashindwa kusubiri saruji?"

Wazazi walicheka. Eunsol hakucheka, kwa sababu alijua jambo moja. Bibi hakubali kuhamia popote ila siku isiyo na Mgeni, yule pepo mbaya azungukaye pande zote za dunia akiwaharibia watu mambo, na ambaye hupanda juu mbinguni siku chache tu katika mwezi. Siku hiyo ilikuwa inakaribia. Na Shangazi, aliyekuwa akimuuguza Bibi mjini, alikuwa amesema kwenye simu bila kumung'unya maneno, "Siku hiyo ikifika sakafu haijakauka, Mama anabaki kwangu mpaka baridi iishe."

Eunsol alikuwa akilala ubavuni mwa Bibi tangu aachishwe ziwa. Hakuweza hata kufikiria majira yote ya baridi bila yeye.

Mchana mmoja wazazi walipokuwa kwenye vitalu vya stroberi, alisimama mbele ya swichi ya boila. Alijiambia atawasha kidogo tu. Akawasha, akangoja, akaona kidogo haitoshi, akaizungusha mpaka mwisho. Maji yakaanza kunong'ona chini ya saruji. Sakafu ikaanza kubadilika rangi, ikawa nyeupe na kavu, naye akaruka kwa furaha. Kabla wazazi hawajarudi alikuwa ameshazima.

Asubuhi aliamshwa na sauti ya Mama. "Mungu wangu! Njooni muone!"

Nyufa zilikuwa zimeikata sakafu kutoka pale lilipokuwa jiko la zamani hadi kwenye mlango wa sebule. Moja ilikuwa pana kiasi cha kumeza ncha ya kijiti cha kulia wali. Fundi Pyo alikuja mbio, akachuchumaa, akazipapasa. Kisha akainua macho.

"Kuna mtu amewasha boila."

"Eunsol," Baba aliita. "Uliigusa?"

Kila mtu alimtazama. Kichwa kikatikisika chenyewe. "Hapana, Baba."

"Umesikia?" Baba alimgeukia Pyo. "Mwanangu hasemi uongo. Sasa niambie wewe, saruji yangu umeipeleka wapi? Humu umemwaga mchanga mtupu. Kumbe jiko la ukumbi wa wazee unalijengea saruji ya mama yangu!"

"Taesik! Chunga mdomo. Tumekula wali wa chungu kimoja mimi na wewe."

"Basi umenila na mimi humohumo."

Majirani walikuwa wamesharundikana langoni. Fundi Pyo alitoka bila kuaga. Mwiko wake wa kulainishia saruji ulibaki kizingitini.

Maneno yana miguu. Kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa kinazungumza habari za fundi mwizi wa saruji, na wazee wa ukumbi wakamwambia Pyo asimamishe kazi yao kwanza mpaka mambo yaeleweke. Baba naye hakupona. Alikaa uani akiikodolea macho ile sakafu, na Mama alipomkaribisha chakula alisema hana njaa. Siku isiyo na Mgeni ikaja na kupita, Bibi yuko mjini. Eunsol akawa anauacha wali bakulini, na kila alipoambiwa "Kula, mwanangu," alijihisi mwizi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wake ulikuwa neno moja tu, hapana, na sasa ukuta ulisimama kati ya baba yake na rafiki yake.

Hatimaye aliuchukua ule mwiko, akaenda nao ukumbini. Fundi Pyo alikuwa akikusanya vifaa vyake peke yake. Masihara yote yalikuwa yamemwisha.

"Baba Mdogo, nimekuletea mwiko."

"Uweke hapo."

Hakuuweka. Aliushika kwa mikono miwili, machozi yakaanza kushuka. "Ni mimi niliyewasha boila. Nilitaka Bibi arudi."

Fundi Pyo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimekasirika," alisema, "sikufichi. Lakini mimi naijua mikono yangu, hukuwa na haja ya kuniambia. Asiyejua ni baba yako. Nenda kamwambie. Na huo mwiko ondoka nao, siushiki mpaka yeye mwenyewe aje."

Njia ya kwenda vitaluni haikuwahi kuwa ndefu vile. Eunsol alimkuta Baba ameinamia matuta ya stroberi, akayatapika yote kabla woga haujamrudisha nyuma. Baba alivua kofia. Uso ulimwiva.

"Nilimtukana mtu mbele ya kijiji kizima," alisema taratibu, "kwa sababu nilikuamini wewe."

Heri angempiga kofi. Baba alimshika mkono, wakaenda pamoja hadi ukumbini, ambako wazee walikuwa wamekusanyika kusubiri chai. Pale pale, mbele yao, Baba aliinama mpaka kiuno.

"Pyo, nimekukosea. Saruji yako haikuwa na kasoro. Wazee wangu, mdomo wangu ndio uliopasuka."

Eunsol naye aliinama kando yake, akaurudisha mwiko. Fundi Pyo aliupokea, akapenga kamasi kwa kishindo. "Inukeni bwana, mtavunjika nyonga na nyinyi."

Alirudi kesho yake. Akazipanua nyufa, akazijaza upya, akayapima mabomba yakawa mazima. Kila siku Eunsol alizimwagia maji kidogo zisikauke haraka, kama alivyoelekezwa, na boila hakuitazama hata kwa jicho la pembeni.

Bibi alikuja siku ambayo hakuna aliyeitarajia, Shangazi akimlaumu tangu kwenye gari.

"Mama," Baba alishangaa, "leo si Mgeni yuko upande huu huu?"

"Mgeni gani tena? Mmenisimulia yote kwenye simu." Bibi alimwita Eunsol, akamshika kidevu. "Mgeni mbaya hakufuata kalenda, mjukuu wangu. Aliingia siku ile uliposema hapana. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango, na ni wewe tu uliyeweza kumtoa. Haraka yako ilipasua saruji, na saruji inazibika. Uongo ungempasulia Pyo jina lake, na jina la mtu halina fundi. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Bibi akachukua mkongojo wake. Alitembea polepole kutoka jikoni hadi sebuleni, na pale palipokuwa na kidato mguu wake uliinuka wenyewe kwa mazoea, ukatua sawasawa. Akacheka. Kisha akaketi, akaitandaza mikono sakafuni.

"Ya moto," alisema. "Haya, kimbia ukamwite Pyo. Mwambie chungu ni kilekile, na wali umeiva."