Udongo Ndani ya Ushanga wa Marsela

Nyumbani kwetu Daa, asubuhi ina kazi zake. Mwanangu Patrisi anapeleka ng'ombe malishoni. Mimi nakoroga uji. Mkwe wangu Marsela anafagia uwanja, halafu anaingia bandani kutengeneza shanga.

Shanga zake si zile ndogo za dukani. Hizi ni kubwa kama punje ya hindi, na anazitengeneza mwenyewe kwa kioo. Anawasha moto mkali wa gesi. Anayeyusha kioo mpaka kinavutika kama asali. Kisha anakizungusha juu ya waya wa chuma. Kikipoa, anachomoa ushanga. Pale palipokuwa na waya panabaki tundu.

Lakini kioo cha moto hung'ang'ania chuma. Kwa hiyo Marsela kwanza anachovya waya kwenye udongo mweupe, anauacha ukauke. Ni kama unavyonyunyiza unga ili chapati isishike kwenye kibao. Tatizo ni moja. Ushanga ukichomolewa, udongo kidogo hubaki ndani ya tundu.

Marsela alikuwa akiukwangua udongo huo ukiwa mkavu. Alitumia mwiba wa nungunungu. Nungunungu wanatumalizia mahindi shambani, miiba wanatuachia. Alikwangua, akaupeleka ushanga mdomoni, akapuliza. Fuuu! Vumbi likamrudia usoni.

Siku moja Patrisi alirudi, akasimama mlangoni mwa banda. Uso wa mkewe ulikuwa mweupe kuanzia paji hadi kidevu.

"Mama, njoo uone!" akaniita. "Nilioa mwanamke wa Kiiraqw. Leo nakuta kijana wa Kimasai aliyetoka jandoni!"

Kweli alifanana nao. Vijana wale hupaka nyuso zao rangi nyeupe wakishatahiriwa. Ukipita njia ya Ngorongoro wakati wao, utawaona.

"Cheka tu," Marsela akasema, akakohoa. "Naisenya naye atacheka, kama shanga hizi hazijakaa sawa."

Naisenya ni mama yake Supeet, kijana wa Kimasai wa Kakesio. Supeet alikuwa amemposa mjukuu wangu Goodness, binti wa Patrisi na Marsela. Sasa mama yake alikuwa anakuja kwetu kwa mara ya kwanza. Marsela alitaka kumvisha mkufu wa shanga za mkono wake. Ee jamani! Kumpa mama wa Kimasai shanga ni sawa na kumpelekea mfugaji maziwa. Wale wanaujua ushanga tangu wakiwa migongoni mwa mama zao.

"Akiona kasoro hatasema kitu," Marsela akasema. "Atatabasamu. Na hilo tabasamu litafika Kakesio kabla yake."

Patrisi akamwonea huruma. "Kazi hiyo inataka upepo," akasema.

Akaleta pampu ya baiskeli. Akabana ushanga kwenye mdomo wa pampu, akasukuma kwa nguvu zake zote. Ushanga ukaruka kama risasi. Wingu jeupe likapanda, likatafuta mahali pa kutua, likatua kwenye uji wangu.

"Mama, leo uji una maziwa," Patrisi akasema.

"Basi kaa unywe wewe," nikamjibu.

Hakunywa. Niliwamwagia kuku, nao wakaniangalia tu.

Jumapili Marsela aliuvaa ule mkufu kanisani ili aujaribu. Yeye ni mwanakwaya. Jua lilikuwa kali, na kwaya haikuimba kwa kusimama kama miti. Jasho likaingia kwenye matundu ya shanga. Udongo ukalowa, ukamshuka shingoni kama uji wa mtoto. Wimbo wa sadaka ulipopamba moto, Marsela akaruka. Uzi ukakatika! Shanga zikabingirika sakafu nzima. Mmoja ukafika miguuni kwa katekista. Akauokota, akautumbukiza kwenye kapu la sadaka. Alidhani mtu ameutoa kwa moyo.

Marsela alirudi nyumbani analia.

"Ingekuwa shingoni kwa Naisenya je? Naacha shanga. Nitampa kuku."

Jioni alikuja jirani yetu Felista. Yeye hufanya kazi kwenye karakana ya vioo Karatu mjini. Mkononi alikuwa na shanga alizookota kanisani, na ule uzi uliokatika.

"Mama Goodness, uzi huu haukukatika kwa sababu wewe uliruka," akasema. "Pitisha kidole. Unaona ulivyochakaa kote? Sasa sugua huu udongo wa kwenye tundu."

Marsela akausugua. "Unakwaruza. Kama mchanga."

"Ndiyo. Kila ukigeuza shingo, udongo unausaga uzi kama msasa. Tundu lisiposafishwa vizuri, hata uzi wa kamba ya viatu hautadumu." Felista akamtazama usoni. "Na hicho kikohozi?"

"Ni baridi tu ya huku kwetu."

"Baridi gani inakuja ukipuliza ushanga? Sikiliza, dada. Vumbi la usoni utaliosha. Linaloingia kwenye mapafu huwezi kuliosha. Ni laini mno, na ukilivuta mwaka baada ya mwaka, linaharibu mapafu. Bibi anayekoroga uji hapo naye analivuta. Ndiyo maana sisi hatukwangui ushanga mkavu. Na hatupulizi kamwe."

"Na pampu je?" Patrisi akauliza kwa sauti ndogo.

"Baba Goodness, pampu ni ya baiskeli."

Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka.

Asubuhi Marsela alikwenda zahanati kupimwa kifua. Wakamwambia hajaumia, ila aache vumbi. Aliporudi, Felista alikuja na beseni.

"Kwanza, ushanga upoe kabisa," akasema. "Ukiutia kwenye maji ukiwa na moto, utapasuka. Ukipoa, uloweke. Ukilala kwenye maji, udongo unalainika wenyewe."

Tukaziloweka mpaka kesho yake. Felista akatoa kitupa, yaani tupa ndogo ya kusugulia, chembamba na cha mviringo kama sindano nene.

"Hiki kimepakwa chenga za almasi. Ndizo zinazokwangua."

"Almasi!" Patrisi akasogea. "Ndani ya nyumba yangu?"

"Chenga tu, baba Goodness. Usianze kuota gari."

Felista akauzamisha ushanga majini. Akaingiza kitupa, akakizungusha polepole, ndani na nje. Kisha akageuza, akaanza upande wa pili. Udongo ukatoka tunduni, ukasambaa majini kama moshi, lakini hakuna kilichoruka hewani.

"Maji yanashika vumbi," akasema. "Pia yanapoza kioo, maana ukikisugua kikavu kinapata joto na kinapasuka. Jaribu wewe."

Marsela alikuwa na haraka. Akasukuma kitupa kwa nguvu. Ka! Ushanga ukawa vipande viwili.

"Dada, unasafisha tundu. Huchimbi kisima," Felista akamwambia. "Kitupa kikigoma, usikilazimishe. Kitoe, suuza, rudia."

Wa pili ukatoka mzima. Felista akaonyesha kupitisha kibrashi chembamba tunduni, na kusuuza mpaka maji yatoke safi. Mwisho akapitisha uzi mweupe. Uzi ukitoka na unga au uchafu, ushanga unarudi kwenye beseni.

"Beseni hili lisirudi jikoni," akaongeza. "Maji yaache yatuame, halafu tope lifukie shimoni, mbali na kisima. Meza ifute kwa kitambaa kibichi. Ukifagia, umelirusha tena vumbi."

Tangu siku hiyo Marsela alifanya hivyo. Kikohozi kikapungua, kikaisha. Mimi nikanywa uji wa rangi yake.

Siku ya ugeni ikafika. Tulichinja mbuzi. Naisenya akaingia uwanjani, mrefu, shingo imejaa shanga za kwao.

"Takwenya, yeyo," akanisalimu kwa Kimasai, akiniita mama.

"Iko," nikaitikia, maana hilo tulilifanyia mazoezi.

Marsela akaleta mkufu. Naisenya hakuuvaa. Aliupima uzito kiganjani.

"Kuna ushanga ambao haujatungwa?" akauliza.

Marsela akampa mmoja. Naisenya akavuta uzi mweupe kwenye mkoba wake, akaupitisha tunduni, akauvuta, akautazama uzi. Kisha akauinua ushanga, akauweka jichoni, akafumba jicho la pili. Akageuka polepole, akiangalia uwanja wetu wote kupitia tundu lile. Marsela alimfuata kwa macho.

Naisenya akasimama hapohapo, ameelekea nyuma ya banda.

"Unaona udongo, mkwe?" Marsela akanong'ona.

"Udongo hakuna. Tundu ni safi, naona mpaka mbali," Naisenya akasema kwa upole. "Namwona mzee mmoja, namheshimu sana. Amejificha kule. Ana mbavu ya mbuzi mdomoni, na sisi wageni hatujanawa mikono."

Patrisi akaificha mbavu nyuma ya mgongo. Mafuta yalimeremeta kidevuni.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Naisenya akainamisha shingo yake mbele ya Marsela.

"Nivishe, mkwe," akasema. "Halafu twende haraka tukale, kabla hajamaliza."