Mama Aliyeshushwa Kizuizini

Kila asubuhi kabla ya shule, Swabaha alifagia mbele ya duka la baba yake pale njia panda ya Nyakanazi, huku mama yake, Avelina, akisugua masufuria uani. Baba, Habibu, alikuwa Mwarabu wa Tabora. Mama alikuwa Mhangaza wa Kanazi. Swabaha alichukua rangi na nywele za baba.

Siku moja Fathiya, mwanafunzi mwenzake, alichungulia uani akauliza, "Yule nani?"

"Dada wa kazi," Swabaha akajibu. Neno likamtoka kama mate, halikurudi tena.

Haikupita wiki, habari ikaja kutoka Kanazi: bibi, mzaa mama, amefariki, anazikwa kesho mchana. Mama na Swabaha wakapanda basi la asubuhi. Ndani wakamkuta Fathiya, anakwenda Ngara kwa shangazi yake. Swabaha akaketi naye upesi. Mama akakaa nyuma peke yake.

Kwenye kizuizi cha barabarani afisa akaingia basini kukagua. "Mtoto huyu yuko na nani?"

"Na mimi. Ni mwanangu," Avelina akasema.

Afisa akamtazama huyu, akamtazama yule. "Wewe kabila gani?"

"Mhangaza."

"Na baba yake?"

"Mwarabu."

"Basi mtoto ni Mwarabu. Sasa Mwarabu huyu umemtoa wapi?" Abiria wakacheka. "Binti, huyu ni mama yako?"

Swabaha akainamisha kichwa.

"Si dada wenu wa kazi?" Fathiya akashangaa, na basi zima likasikia.

"Shukeni wote wawili," afisa akasema. "Watoto huibwa njia hii."

Avelina akapita, kitenge cha msiba kifuani, bila kumtazama bintiye. Hapo Swabaha akapiga yowe: "Ni mama yangu! Nilidanganya!"

"Umechelewa. Baba yako aje mwenyewe."

Basi likaondoka bila wao. Baba akapigiwa simu, akafika na pikipiki jua likiwa utosini, akajieleza sana ndipo wakaachiwa. Walipofika Kanazi, vijana walikuwa wanaosha majembe ya kuchimbia kaburi. Avelina akaushika udongo mbichi, akalia kama mtoto mdogo.

"Shikamoo, babu," Swabaha akamwamkia baba wa mama yake, kisha akaungama yote.

"Marahaba, mjukuu wangu." Babu Gervas akamketisha kando yake. "Yule afisa alitaka uwe kitu kimoja kwa sababu hana jina la mtu aliye vyote viwili. Huyo hakujua. Wewe ulijua. Damu ya baba yako ni yako, na ya mama yako ni yako, wala hakuna ofisi iwezayo kuzitenganisha. Lakini ukimkana mzazi wako, wanaotaka kukugawa unawapa kisu mkononi. Bibi yako hatazikwa mara ya pili. Nenda kwa mama yako."

Swabaha akaenda. Mama alisogea tu kidogo kwenye majani ya migomba aliyoyakalia, akamwachia nafasi.