Vitonge vya Njugu Vilivyonuka Omena

Kila asubuhi Helen alimshika mkono mdogo wake Jeff wakaenda pamoja shuleni, pale Muhuru Bay. Jeff alikuwa chekechea, na ikifika saa nne alikuwa amelala juu ya dawati, maana uji wa alfajiri ulikuwa umekwisha tumboni kitambo. Hakuwa peke yake. Nusu ya darasa lao ilisinzia kwa njaa.

Ndiyo maana Mwalimu Rael akaja na wazo la vitonge: njugu zilizokwisha kukaangwa zitwangwe na simsim, zikandwe kwa asali, ziviringishwe. Hapakuhitajika kuni wala jiko. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Nashon, aliuliza hicho ni chakula gani kisichopikwa, tena kinachotengenezwa na watoto. Hata hivyo alikubali kuja Ijumaa saa nne aonje. Vikimpendeza, chekechea wangepata vitonge kila siku. Visipompendeza, basi tena.

Helen, wa darasa la sita, ndiye aliyepewa usimamizi. Ijumaa hiyo alileta kinu kidogo ambacho nyanya yake alitwangia omena kavu, vile visamaki vidogo vya ziwani, za kutia kwenye uji. Nyanya alimwambia akioshe vizuri. Helen, kwa pupa yake, alikipangusa kwa kitambaa akaanza kutwanga. Saa tatu vitonge vilikuwa vimejaa sinia. Akaonja kimoja. Kwanza ilikuja asali, kisha simsim, kisha omena.

"Ongeza asali tu. Nani atajua?" mwenzake Tony alimnong'oneza.

Helen alitamani sana kumsikiliza, kwa kuwa njugu zilizobaki hazikujaza hata bakuli. Lakini alipofikiria Jeff akivila vile, alipiga moyo konde akamwendea Mwalimu Rael.

"Mwalimu, nimeviharibu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Kinu kilikuwa cha omena na sikukiosha."

Mwalimu alionja, akakunja uso, kisha akacheka. Omena ni chakula bora, alisema, ila si kwa asali. Tony akatumwa mbio kuazima kinu kingine kwa jirani. Kikasuguliwa, mikono ikaoshwa kwa sabuni, na njugu zile chache zikaongezewa ndizi mbivu na simsim.

Mzee Nashon aliingia kitonge cha mwisho kikiviringishwa. Alitafuna polepole, uso mkavu. Mzee akachukua cha pili. Aliponyoosha mkono mara ya tatu, Mwalimu Rael alisogeza sinia akamwomba awaachie watoto. Vifijo vikalipuka. Chekechea walikula wakalamba vidole, na siku hiyo Jeff hakusinzia hata kidogo. Aliimba hadi darasa la sita wakamsikia.

Mzee alitangaza kuwa vitonge vingeanza Jumatatu. Kisha akauliza ile sinia nyingine kule pembeni mbona inanuka samaki. Helen mwenyewe alimweleza yote, bila kuficha.

"Nyathina, mtoto wangu," alisema Mzee Nashon, "umelisema kosa lako kabla halijafika midomoni mwa wadogo zako. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemwamini na chakula chao. Lakini siku nyingine, chombo kioshwe kwanza."