Ghorofa ya Jikoni

Kichochoro cha wafua shaba mjini Patan kilikuwa kimefurika wanunuzi wa msimu wa harusi pale Bidhan alipogeuka ghafla na ngazi yake begani. Rafu nzima ya mitungi ikaporomoka barabarani.

"Wewe ndiye mkaguzi wa majengo?" aliuliza Nirjala, mwenye duka. Alivaa kurta, shati refu la kijani lililochujuka, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajapumzika siku nyingi.

"Ndiye mimi. Nisamehe, dada."

"Tetemeko lilishindwa kuiangusha nyumba yetu, nawe umekuja kuimalizia."

Bidhan alicheka, akainama kuokota mitungi. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Nyumba ilikuwa ya matofali na madirisha ya kuchongwa: duka chini, vyumba juu yake, kisha sebule, na jikoni chini ya paa. Babu yake Nirjala alipokufa, wanawe waliikata katikati toka juu hadi chini, kama desturi ilivyo. Baba mdogo alibomoa nusu yake akajenga ya zege. Nusu ya marehemu baba yake Nirjala ilibaki imeegemezwa magogo tangu tetemeko, mwaka wa tano sasa, na mkaguzi akiikataa, itabomolewa. Nirjala na mama yake hawakuwa na kwingine.

Ukaguzi wa siku mbili ulichukua wiki tatu. Wakawa wanapigiana simu kila mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi la nyumba yenu."

"Basi umeshiba. Lina miaka mia mbili."

Kisha barua ikaja: nyumba haikupita, wabomoe. Nirjala alipiga simu papo hapo.

"Baba mdogo anakitamani kiwanja chetu. Alikupa nini, Bidhan?"

"Sijapewa kitu. Niliandika ghorofa ya juu haikukaguliwa. Ofisini wakaona isiyokaguliwa ni mbovu."

"Kwa nini hukuikagua?"

"Kule ni jikoni, Nirjala. Nani alinikaribisha?"

Nirjala alijua ni kweli. Mgeni huishia sebuleni. Juu kuna miungu ya nyumba na chungu cha familia. Bidhan, Mnewari wa kabila lao anayeujua mwiko huo, alikuwa amefika kwenye ngazi ya mwisho akarudi kwa adabu, na mama mwenyewe alimsifu. Adabu hiyo ndiyo iliyowaponza. Muda wa kukata rufaa ulikuwa umebaki siku nne.

Mama alikuwa akimenya vitunguu saumu alipoambiwa.

"Mkaguzi hapandi jikoni kwangu," alisema. "Mkwe anapanda. Muulize anapanda kama nani."

"Mama, yeye ni wa ukoo wa Awale, si wa hadhi yetu. Wazee wao walikuwa wafyatua matofali. Shangazi watasema."

"Waseme. Nimechoka, mwanangu. Miaka mitano nalala nasikiliza kuta."

Jumamosi Bidhan alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Nirjala akamzuia chini ya ngazi ya mwisho.

"Ukipanda hapa, hushuki ukiwa mgeni. Unaelewa?"

"Nilielewa tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana sikupanda."

"Na leo?"

Bidhan akavua viatu, akapanda.

Mama alimtandikia mkeka, akamwekea chiura ya mchele uliopondwa, yai na maharage. Alikula kwanza, taratibu, kama mtu wa nyumbani. Kisha akasimama, akagonga boriti moja moja kwa kidole. Alikawia sana kwenye ile ya kati. Nirjala aliuona uso wake ukibadilika, akatamani asiseme kitu.

"Sema kweli," alimwambia.

"Kuta ni nzima, na nitaandika hivyo. Nyumba haibomolewi." Akashusha pumzi. "Lakini paa limeoza. Lazima lishushwe lote kabla ya mvua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo masika yote tutalala chini ya turubai."

Mama aliinua macho. Nirjala naye.

"Umesema tutalala," alisema Nirjala.

"Nimesema tutalala."

Mama alivuta sahani ya Bidhan, akamwongezea chiura.